Elfu Tano na Arobaini, kwa Bobu Tu

Jumatatu, 1 Septemba

Shule imefunguliwa. Mvua. Daftari hili amelinunua Mama ili niandike hisia zangu, kwa kuwa kuzisema siwezi. Nitaandika namba kwanza. Hisia zikitaka zitakuja zenyewe.

Jumanne, 2 Septemba

Jina langu limo. Bwana Probert, mkuu wa mnara wa kengele wa kanisa la kijiji chetu, Llanhelyg, alisoma orodha ya watu wanane watakaopiga kengele tarehe 29 Novemba. Aliposema, "Ya tatu, Mabli," niliinamisha kichwa kana kwamba nimekamatwa na kosa. Bi. Glenys Bebb, anayepiga ya tano na aliyenifundisha kushika kamba tangu nina miaka kumi na mmoja, akanigusa kwa kiwiko.

"Mwambie mzee asante, mwanangu, kabla hajabadili nia."

Nikasema asante. Sidhani kama ilisikika.

"Usiniangushe, binti," akasema Bwana Probert. "Siku hiyo si ya majaribio."

Ni siku ya miaka mia, iliyosogezwa ili iangukie Jumamosi. Ubao uko ukutani, mweusi wenye herufi za dhahabu: 28 Novemba 1925, mipangilio 5040, kwa Bobu tu, aliita Elias Probert. Elias ni babu yake Bwana Probert. Kengele ya tatu siku ile ilipigwa na Tom Gittins, baba wa babu yake Mama. Mama alipopata habari alilia juu ya viazi alivyokuwa anamenya. Mimi nimefurahi, nikamenya vilivyobaki.

Jumatano, 3 Septemba

Niandike vizuri, maana Sioned wa darasani ameniuliza kuna nini cha ajabu katika kugonga kengele, nami nikashindwa kujibu.

Kengele saba zinaweza kupangwa kwa njia ngapi? Anayetangulia ana chaguo saba, anayefuata sita, kisha tano, hivyo hivyo hadi moja. Zidisha zote: 5040. Kengele ya nane, ile kubwa, haihami. Inafunga kila mpangilio kama nukta. Kupiga mipangilio yote huchukua karibu saa tatu, watu wanane wamesimama duara, bila karatasi mkononi, bila maji, na hakuna mpangilio unaoruhusiwa kutokea mara mbili. Ukitokea mara mbili, hata kama hakuna sikio mtaani lililogundua, pigo zima la saa tatu sisi huliita pigo la uongo, na halihesabiwi. Hakuna serikali inayotulazimisha. Ni sheria tuliyojiwekea wenyewe, ndiyo maana ina nguvu.

Kengele zikiachwa bila neno, hurudi zilikoanzia baada ya mipangilio 70. Kwa hiyo mmoja wetu huita. Akiita "Bobu", zinashika njia nyingine. Akiita "Singo", ni kama Bobu, isipokuwa kengele mbili, zilizo nafasi ya pili na ya tatu, zinakataa kubadilishana, na kuanzia hapo kila kitu kimegeuzwa ndani nje. Kila mnara ninaoujua unaopiga mtindo wetu hutumia Singo mahali fulani. Elias Probert hakutumia hata moja. "Kwa Bobu tu." Maneno hayo ndiyo fahari ya kijiji hiki. Watu hutoka mbali kuja kuyapiga picha.

Alhamisi, 11 Septemba

Basi la shule lilikwama nyuma ya kondoo, nikakaa na 5040 dakika arobaini nzima. Ni namba yenye ukarimu. Inagawanyika kwa moja hadi kumi bila kubakiza kitu. Ina vigawo sitini, na hakuna namba ndogo kuliko yenyewe yenye vigawo vingi hivyo. Ukijumlisha vigawo vyake vyote bila yenyewe unapata 14304, karibu mara tatu yake. Walimu huziita namba za aina hiyo namba zilizozidi. Ukizidisha saba, nane, tisa na kumi unapata 5040 tena, kana kwamba kuanzia chini au kuanzia katikati ni mamoja. Ongeza moja tu na unapata 71 mara 71.

Kumi na moja peke yake ndiyo haiingii. Kumi inaingia, kumi na mbili inaingia, kumi na moja imesimama mlangoni na mwavuli wake. Naielewa.

Jumanne, 16 Septemba

Mazoezi. Bwana Probert ametupa nakala za karatasi ya Elias: vifungu 360, vingine vina wito wa Bobu, vingine havina. Yeye ndiye atakayeita, lakini anataka kila mmoja wetu aijue njia. "Wakubwa wa London waliandika kwamba haiwezekani," akasema, kama anavyosema kila mwaka. "Babu hakuwa na nafasi ya kusoma barua zao. Alikuwa anapiga kengele." Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Ijumaa, 19 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimefanya jambo ambalo natamani nisingelifanya.

Kila kifungu kina mipangilio 14, na 5040 gawanya kwa 14 ni 360. Vifungu vitano visivyo na wito vinarudi mwanzo na kujifunga: hilo ni duara. 360 gawanya kwa tano ni 72. Kwa hiyo, kabla ya wito wowote, mipangilio yote 5040 imelala katika maduara 72 yasiyojuana. Kazi ya anayeita ni kuyaunganisha yawe duara moja kubwa. Nilitaka kuona kwa macho jinsi Elias alivyoyaunganisha, basi nikakata vipande vya karatasi, nikavibandika kwa gundi kuwa pete 72, nikazitandaza sakafuni sebuleni.

Bobu haziji moja moja. Ukitaka kila kifungu kitumike mara moja tu, Bobu huja kwa makundi, na kila kundi lina idadi witiri. Ukiita kundi zima, pete fulani zinakatwa na kuungwa upya. Nilifanya hivyo, nikahesabu: 70. Tena: 68. Mara nyingine zilirudi 70. Mara nyingine hazikubadilika. Lakini hazikuwa 69 hata siku moja, wala 71. Nilijaribu hadi Mama akaniuliza kama hiyo ni kazi ya shule au ni ugonjwa.

72 ni shufwa. Kila kundi la Bobu huongeza au kupunguza kwa shufwa. Moja ni witiri. Kwa Bobu peke yake utafika kwenye pete mbili. Kwenye pete moja hutafika, hata uite mpaka mnara uanguke.

Nimezirudisha pete kwenye boksi la viatu.

Jumatatu, 29 Septemba

Nilibaki baada ya kipindi nikamwonyesha Bwana Emrys Pugh, wa hisabati. Shuleni tunasoma kwa Kiwelisi, na kwa Kiwelisi naweza kufungua mdomo. Mnarani wanasema Kiingereza, na ulimi wangu hufika pale kama mgeni asiyejua akae wapi. Bwana Pugh alizitazama pete zangu muda mrefu.

"Jambo hili lilithibitishwa mwaka 1886," akasema. "Wewe umelifikia kwa gundi. Nani alikuomba?"

"Hakuna."

"Vizuri. Sasa utafanya nini nalo?"

Nikaanza kuzirudisha pete kwenye boksi. Alipiga miayo kama mtu ambaye ana siku nzima. "Kujua kwamba kuna kosa si sawa na kulionyesha, Mabli. Watu hawabishani na kidole kilichogusa mahali."

Miaka thelathini na tisa kabla ya ubao wetu. Wakati Elias anaita, jambo lilikuwa limeshakwisha.

Jumanne, 30 Septemba

Mazoezi. Sijasema.

Jumanne, 7 Oktoba

Mazoezi. Sijasema. Bwana Probert amenisifu kwa mkono mwepesi. Mto umepanda.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijasema. Bi. Glenys amenishonea mshiko wa kamba ya tatu, wa sufu nyekundu, na amesema Tom Gittins angeona fahari. Nilikula mkate wake wa zabibu kavu kama anayekula rushwa.

Alhamisi, 30 Oktoba

Likizo ya katikati ya muhula, siku nne, na nimeandika vyote. Vifungu 360, kimoja kimoja, nikifuata karatasi ya Elias. Leo saa tisa alasiri kidole kimegusa mahali. Kifungu cha 97 kinaanza na 1537264. Kifungu cha 241 kinaanza na 1537264. Si mpangilio huo tu. Inayoufuata nayo inajirudia, nyayo juu ya nyayo. Na kuna kifungu kingine ambacho hakikupigwa kabisa, mipangilio ambayo mwaka 1925 ilikaa nje ikisubiri kuitwa.

Ubao ule ni wa uongo. Nimeandika. Wino haukuungua.

Nimetafuta dawa pia. Ukizigeuza Bobu mbili kuwa Singo, ile ya kifungu cha 118 na ile ya 301, hakuna kinachojirudia. Kompyuta ya maktaba imekubaliana nami kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya. Kumbe pigo lote lingeweza kuwa la kweli kwa maneno mawili.

Jumanne, 4 Novemba

Nimesema.

Nilikuwa nimepanga kumwambia Bwana Probert peke yake, chini, kwenye ngazi. Lakini alichelewa, na alipofika wote walikuwa wamekwisha kuvua makoti, na mimi nimeishika karatasi yangu imelowa kwa jasho.

"Kuna nini, binti?" akauliza. "Au ulimi umeuacha shuleni tena?"

"Ni la uongo," nikasema.

"Lipi?"

"Pigo la 1925. Kifungu cha 97 na cha 241 ni kimoja."

Huw Bufton, mwenye bucha, anayepiga ya sita, alicheka. Alidhani ni mzaha, kisha akaona uso wangu. "Haya," akasema, "mtoto wa shule amemhukumu marehemu."

"Huw, funga mdomo ushike kamba yako," akasema Bi. Glenys. Lakini mimi hakunitazama.

Nilimnyooshea Bwana Probert karatasi. Hakuipokea. Alikuwa daktari wa mifugo miaka arobaini, na ana namna ya kutazama kitu kwa mbali, kama anayeamua iwapo ng'ombe atapona.

"Nani amekufundisha haya? Yule Pugh wako?"

"Nimehesabu mwenyewe."

"Wamesema London kwamba haiwezekani, na wewe umekwenda kusimama upande wao."

"Sijasimama upande wa mtu. Namba ndivyo ilivyo. Pete ziko 72, na 72 ni..."

"Unajua waliosimama duara hili siku ile walikuwa wametoka wapi?" Hakupaza sauti. Afadhali angeipaza. "Mwaka 1914 mnara huu ulikuwa na wapigaji wanane. Waliorudi kutoka vitani ni watatu. Watano wengine walifundishwa upya, mmoja hana jicho. Walipiga saa tatu na dakika nne. Sasa uniambie. Tom Gittins wako naye alikuwa mwongo?"

Nikasema, "Tom alipiga alichoitiwa."

"Vizuri. Basi nawe piga utakachoitiwa. Au umpe mwingine kamba."

Huw akanong'ona kile anachokisema kwa kila kijana wa kijiji hiki, kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitundika kamba, nikachukua koti, nikashuka ngazi zote sabini na mbili. Miguu yangu yote miwili ni mizima. Nimeitazama.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki mtaani, kama kila mwaka tarehe hii. Mama amepigiwa simu na watu watatu. Alinitengea chakula akakaa mbele yangu.

"Ilikuwa lazima uwe wewe?"

"Hakuna mwingine aliyehesabu."

"Sikuuliza hivyo," akasema, akainuka kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 7 Novemba

Nasikia Bwana Probert amemtafuta mtu wa mnara wa ng'ambo ya mto ashike ya tatu. Kamba yangu. Sufu nyekundu na yote.

Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayenitazama. Nataka kupiga. Sitaki kuwa sahihi nyumbani, peke yangu, nikiwasikiliza kwa mbali wakipiga uongo wa saa tatu. Watanionea huruma, kisha watasahau, na baada ya miaka mia mwingine atakata pete zake za karatasi na kulia kama mimi. Nataka lipigwe la kweli, na nataka niwemo. Vyote viwili. Sioni kwa nini nichague.

Jumapili, 9 Novemba

Nimepata njia. Ni mbaya.

Bobu na Singo hutofautiana kwa kengele mbili tu. Wengine watano na ile kubwa hawaoni tofauti yoyote mikononi mwao. Nimeangalia: kwenye kifungu cha 118, wawili hao ni mimi na Bi. Glenys. Na mpigaji haulizi sauti iliyoita ni ya nani. Tumefundishwa miaka mingi kwamba ukisikia wito, mkono unatangulia, akili inafuata.

Kwenye kifungu cha 301 hakuna ujanja. Wawili wale ni mimi na Bwana Probert, ambaye huita huku akipiga ya saba.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimesema uongo mbele ya watu saba, nami nimeona jinsi ulivyo rahisi kuliko ukweli. Nilipanda ngazi mapema. Alikuwa anapaka mafuta kwenye puli.

"Bwana Probert, nimekuja kuomba radhi. Nilikosea hesabu."

Hakugeuka. "Wapi?"

"Nilikosea tu."

Akaendelea kupaka mafuta. Wengine wakaingia mmoja mmoja, nikarudia mbele yao, maana ndivyo alivyotaka. Huw akanipiga mgongoni akasema kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Bi. Glenys akanikumbatia. Wote wakawa wema kama sukari, na wema wao uliniuma kuliko kufukuzwa. Walinipenda kwa sababu nimenyamaza. Wamenipenda hivyo maisha yangu yote, nikadhani ni mimi wanayempenda.

Nimerudishiwa kamba.

Jumanne, 18 Novemba

Mazoezi. Mvua. Najifunza kupaza sauti nikiwa juu ya baiskeli, njia ya shambani. Kondoo wamenizoea.

Jumanne, 25 Novemba

Mazoezi ya mwisho. Bwana Probert amekonda. Nimesema "Singo" mara mia mbili na kumi wiki hii. Kila mara inatoka ndogo.

Jumamosi, 29 Novemba

Tulianza saa nne kamili asubuhi. Mvua ya mawe kwenye paa la madini ya risasi, kisha jua, kisha mvua. Watu walikuwa wamejaa chini, na mwenyekiti wa chama cha wapigaji, na Mama na koti lake la msibani, ambalo ndilo zuri alilonalo.

Kengele zikainuka. Saa ya kwanza sikumbuki. Mwili unajua, unavuta, unaacha, unatazama kamba za wenzako zikipanda na kushuka, na ndani mwangu kulikuwa na mtu mwingine anayehesabu vifungu. Bwana Probert, kwenye ya saba, aliita bila kuinua kichwa. "Bobu." Vifungu vikapita. "Bobu." Tulipopita cha 97 nilimwona 1537264 akipita kwa mara yake halali, na sikumlaumu.

115. 116. Wito hutoka mvuto mmoja wa kamba kabla ya jambo lenyewe; nikichelewa, yeye atasema lake na imekwisha. Nikiwahi mno, watajua nimechanganyikiwa. 117. Niliitazama kamba ya Bi. Glenys. Nilimwona Bwana Probert akivuta pumzi.

"Singo."

Haikuwa ndogo. Iligonga ukuta wa mawe ikarudi. Mikono ya Bi. Glenys ilitangulia, kama nilivyojua. Alibaki mahali pake, mimi nikabaki mahali pangu, tukapishana na dunia nzima. Kisha akili yake ikafika, akanitazama, na uso wake sitausahau. Huw akasema, "Nini hicho?" na karibu apotee, na Bi. Glenys akamwambia kati ya meno, "Fuata kamba, Huw. Fuata kamba."

Neno moja la Bwana Probert lingetosha. Mkuu wa mnara akisema "Simama", kengele zote husimama, pigo linakufa, na hakuna wa kuhoji. Nilimsubiri aseme. Nilivuta na kusubiri. Kifungu cha 119. Cha 120. Kisha akaita, "Bobu," mahali pake hasa, sauti ileile, macho kwenye kamba.

Sikujua maana yake. Saa moja na nusu sikujua. Labda alikuwa anaokoa siku mbele ya watu. Labda pa pili angenizuia, maana pa pili ni mikono yake mwenyewe, na mtu hawezi kudanganywa na mikono yake akiwa amekwisha kujua. Viganja vyangu vilichubuka. Vifungu vikapita. Cha 241 kikaingia, na safari hii kilianza na mpangilio mpya kabisa, ambao mnara huu haukuwahi kuupiga siku ile.

300. Nilimtazama waziwazi. Naye akanitazama. Alikuwa amefunga mdomo, midomo imekazwa kama mfuko, na nikangoja kidogo nione kama atasema, na katika kungoja huko karibu nipoteze kila kitu.

"Singo."

Nilichelewa nusu mvuto. Yeye hakuchelewa. Mzee wa miaka sabini na sita alibaki nafasi yake, safi, na kamba ya saba ikashuka pale pale ilipotakiwa, mimi ndiye niliyeyumba.

Saa saba na dakika moja mchana, kengele zikarudi nyumbani: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, na ile kubwa ikafunga. "Simama," akasema. Tukasimama. Chini watu wakapiga makofi, wasijue.

Huw alikaa sakafuni. Bi. Glenys akafungua chupa yake ya chai, akamimina kikombe kimoja, akakinywa mwenyewe.

"Umechelewa pa pili," akasema Bwana Probert.

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

"Nimeona." Alikuwa anafunga kamba yake, polepole. "Mtu aliyekosea hesabu, akija kuomba radhi, huja na kosa mkononi. Husema, niliruka mstari, nilisoma mbili nikadhani saba. Wewe nilikuuliza wapi, ukasema nilikosea tu. Nikajua hujakosea. Nikaenda nyumbani nikaandika vifungu vyote. Siku tisa."

"Basi ulijua," nikasema. "Siku tisa, kumi, ulijua. Ukaniacha."

"Ningeita Singo mimi? Hapo nimeita Bobu tangu nina miaka kumi na miwili, mkono wa babu juu ya bega langu. Mdomo ulikataa, binti. Nilijaribu zizini. Ulikataa."

"Na kama nisingeita?"

Akaendelea kufunga kamba. Nilikuwa na hasira kiasi cha kuona vizuri. Nilikuwa nimeogopa miezi miwili, nimesema uongo, na huyu mzee alikuwa na karatasi ileile mezani kwake, anangoja mtoto ambebee. Nikamwambia hivyo, kwa Kiingereza, mbele ya wote, sentensi nzima nzima. Huw akasema, "Haya sasa, heshima." Bi. Glenys akasema, "Mwache. Anasema kweli. Na mimi nina langu kwake: siku nyingine ukitaka kunitumia mikono yangu, Mabli, uniombe kwanza."

Nikamwomba radhi Bi. Glenys. Hiyo ilikuwa radhi ya kweli, na nilijua kosa liko wapi.

Jumapili, 30 Novemba

Viganja vimefungwa bandeji. Pigo la jana limeandikwa na kutumwa kwa chama, pamoja na miito yote, ili yeyote duniani alipime. Bwana Probert ndiye aliyeandika. Kwenye miito 148 ameandika jina lake, kwenye miito miwili jina langu.

Baada ya ibada nilimfuata nje. Nikamwambia kwamba nitamwandikia katibu wa chama kuhusu lile la 1925, lifutwe kwenye vitabu.

"Lako umelipata," akasema. "Ni la kweli, na jina lako limo. La marehemu liache lilale."

"Siachi."

"Sitatia saini."

"Sikuombi saini. Nakuambia ili usisikie kwa watu."

Akatazama mto, ambao umekula nusu ya uwanja wa mpira. "Na Tom Gittins?"

"Naye anafutwa."

Alitikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa, akavaa kofia.

Mama nilimsomea barua jikoni. Aliniuliza kama kuna namna ya kumwacha Tom peke yake. Nikamwambia hakuna, pigo ni la wanane. Aliichukua barua akaisoma tena mwenyewe. Kisha akasema neno "tafadhali" limerudiwa mara tatu na mtu anayesema kweli hahitaji zaidi ya moja. Nimefuta mawili. Itaondoka na posta ya kesho, kwa lugha zote mbili, na hivi ndivyo inavyosema:

Ndugu Katibu,

Tafadhali lifuteni pigo la Llanhelyg la tarehe 28 Novemba 1925, mipangilio 5040 kwa Bobu tu. Mpangilio 1537264 unatokea mara mbili, mwanzoni mwa kifungu cha 97 na mwanzoni mwa kifungu cha 241. Nimeambatisha vifungu vyote 360. Mnaweza kuanza popote mpendapo. Wanane waliolipiga hawakujua. Mimi najua, kwa hiyo ni juu yangu.

Mabli Gittins, kengele ya tatu